Barabara Zisizo na Matanga

Juzi nilikwenda kumwona rafiki aliyejifungua, na mlangoni mwa wodi kulikuwa na ndoo ya plastiki yenye kibomba, ndani yake maji ya Javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu. Nikanawa kama nilivyoambiwa. Harufu ilipopanda puani, nikamwona Bibi yangu amesimama mlangoni kwake, macho mekundu, uso unachuruzika maji, ananiambia nisimkaribie. Ilibidi nikae kwenye benchi la wageni na zawadi yangu ya sabuni mapajani, mpaka nesi akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Wa rika langu mnaujua mwaka huo bila kutajiwa namba yake. Tulikuwa darasa la sita, walimu wameshaanza kututisha na mtihani wa mwisho, mara asubuhi moja tukaambiwa tufunge mabegi, twende nyumbani, tutaitwa. Tulipiga makofi. Sisemi uongo, tulipiga makofi na kugonga madawati mpaka vumbi likapanda. Wiki ya tatu nilikuwa natamani hata kupigishwa magoti mbele ya darasa, mradi kuwe na watu wa kunicheka.

Mama hakuwepo. Yeye alikuwa mchuuzi wa samaki wa kukaushwa, na siku chache kabla ya amri kutoka alivuka mto hadi Lubunga, akapanda garimoshi la Ubundu kama alivyofanya kila mwezi. Kisha vikafungwa vyote kwa mpigo: garimoshi halibebi tena abiria, mto hauvukwi, hakuna kutoka mjini wala kuingia. Alipiga kwa simu ya watu, akasema yuko salama yeye na samaki wake, na atarudi njia ikifunguka. Nyumbani kwetu Kabondo tukabaki watatu: mimi, Papa, na Tonton Amisi.

Papa ni fundi cherehani, na alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya corona. Sasa alishinda kutwa anashona barakoa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki, na yeye mwenyewe kajifunga moja usoni, basi kama ulikuwa unasubiri neno kutoka kwake ungeota mizizi. Maneno yote ya nyumba ile yalikuwa kwa Tonton. Alikuwa mdogo wake Papa, hajaoa, analala chumba cha uani, na kazi yake ilikuwa toleka. Kama hujafika Kisangani, toleka ni baiskeli ya kubeba watu, ina kiti cha sponji nyuma kilichovishwa kitambaa cha maua, na mwenye toleka anayejiheshimu hufua kitambaa hicho kuliko anavyofua shati lake.

Corona ilimvuruga Tonton. Abiria wake wa zamani walikuwa watu wa mtoni, wa stesheni na wa sokoni: wakishuka na mizigo, yeye yuko pale. Sasa mtoni kimya, stesheni kimya, soko linafungwa mapema. Tena polisi walikuwa wamefunga kamba kwenye mipaka ya vitongoji, na kila mmoja alikuwa na maswali yake. Kuzunguka ovyo kukawa kuchosha miguu bure. Hapo ndipo alipoomba daftari langu la jiografia.

"Njia ya mbali wamefunga," alisema, akilifungua mezani kando ya chai. "Bon. Tutajua ya karibu muzuri. Weye iko ingénieur wangu. Chora."

Nikachora. Kila asubuhi, kabla hajatoka, tulipanga safari ya siku hiyo: aanzie wapi, apite wapi, wapi kuna mama anayeuza makemba, ndizi za kupika, ambaye atataka kurudishwa nyumbani saa ngapi. Jioni alirudi na habari, nami nikasahihisha. Tulikuwa na alama zetu. Msalaba ni kamba ya polisi. Mawimbi ni mchanga wa kumzamisha mwenye abiria mnene. Duara ni dimbwi, duara mbili ni dimbwi lenye bata, na ile barabara ya bata tuliipa jina hilo hilo ingawa kwenye kibao limeandikwa jina la mkubwa fulani. Na herufi M ilikuwa matanga.

M ilikuwa muhimu, maana siku za kawaida hakuna kitu kilichofunga barabara za mji wetu kama matanga. Mtu akifa, watu huweka matawi ya mchikichi pande zote mbili za barabara, turubai linatandazwa katikati, viti vya plastiki vinapangwa, na hapo pamekuwa kwa wenyewe kwa siku kadhaa. Tonton alinifundisha adabu yake nikiwa bado mdogo wa kubebwa mbele kwenye fremu. Ukiona matawi, unashuka. Unasukuma baiskeli kwa miguu, hupigi kengele, na kama una abiria naye anashuka, hata awe na haraka kiasi gani. Ukishapita matawi ya upande wa pili ndipo unapanda. Niliwahi kumwona akimkemea kijana wa pikipiki aliyepita matangani na injini inanguruma, na Tonton hakuwa mtu wa kukemea.

Sasa ramani zetu zilijaa misalaba na mawimbi, lakini M hakuna. Wiki ya kwanza hakuna, ya pili hakuna.

"Tonton, M iko wapi?" nilimwuliza. "Sijaandika hata moja."

"Ah, ingénieur, hukusikia? Serikali ilikataza. Mutu akikufa sasa, polisi iko anamungoja alipe amende. Donc watu wanaogopa kufa."

Alicheka, nami nikacheka kwa kuwa yeye amecheka. Lakini nilimwamini. Msinione mjinga. Nilikuwa nimeona shule zikifungwa kwa tangazo la redio, garimoshi likisimama kwa tangazo la redio, mto mzima, mkubwa vile, ukifungwa na mtu ambaye hata hajafika Kisangani. Kwa nini kufa kusingefungwa? Na ushahidi niliuona kwa macho yangu kwenye daftari: mji mzima, barabara kwa barabara, na hakuna aliyekufa. Watu wazima walinong'ona habari za ugonjwa, na mimi niliwaonea huruma kwa kuwa hawakuwa na ramani.

Asubuhi moja Tonton hakuja kunywa chai. Alikuwa anakohoa tangu juzi yake, kifua kinavuma kama pampu mbovu, na siku hiyo Papa alitoka uani akaenda moja kwa moja barabarani kumwita mwenzake wa kijiwe cha toleka. Tonton akapakiwa nyuma, kwenye kiti cha abiria, apelekwe hospitali. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa pale. Miguu yake mirefu haikujua pa kukaa, na mimi nikacheka.

"Leo Tonton iko client," nikasema.

"Client wa leo tu." Alivuta pumzi kwanza, akaitazama baiskeli yake, ndipo akaendelea. "Ingénieur, uchunge velo yangu. Tutapita njia gani?"

"Ya nyuma ya kanisa. Ile haina mchanga."

"Umesikia chef?" akamwambia mwenzake, na wakapita ile niliyosema. Niliwatazama mpaka wakakata kona. Papa alifuata kwa miguu, karibu anakimbia.

Siku ya nne Papa alirudi mchana, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alisimama kwenye ndoo ya mlangoni akanawa mikono, akanawa kichwa, akanawa miguu, akarudia mikono. Nilisimama na taulo nikimngoja amalize. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba Tonton amepona, ametoka hospitali, na amekwenda Ubundu kumfuata Mama.

"Na velo?" nikauliza.

"Garimoshi hapana kubeba velo."

"Lakini garimoshi hapana kubeba watu, Papa."

"Ile ya mizigo. Alipanda na mizigo."

"Na mto? Alivuka na nini?"

Papa akaenda kukaa kwenye cherehani yake akaanza kukanyaga. Nilisikia sindano inakwenda, inakwenda, na nilipochungulia, chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Hapo hofu ikaniingia. Sikuwa na wa kumwuliza. Mama yuko Ubundu na simu ya watu, mwenzangu wa dawatini hatoki kwao, na Papa ndiye aliyekuwa amenidanganya, kama amenidanganya. Lakini nilikuwa na daftari, na ndani ya daftari nilikuwa na kanuni. Mtu wetu hawezi kufa bila matanga. Na kama Tonton amekufa, matanga yangekuwa katika moja ya nyumba tatu: kwetu Kabondo, ambako hayapo, kwa Bibi, mama yao, katika kitongoji kinachoitwa Kisangani kama mji wenyewe, karibu na maporomoko, au kwa dada yao, Tante Mwamini, Mangobo. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu. Nipange njia ya kupita nyumba zote, nisikamatwe, niangalie.

Nilipanga safari ile kwa uangalifu kuliko zote nilizompangia Tonton. Nyumba ya Bibi iko upande mmoja wa mji na ya Tante upande mwingine kabisa, na katikati kulikuwa na kamba nne za polisi. Nilipata njia yenye kamba moja. Baiskeli ilikuwa kubwa, sikufikia kiti, basi niliiendesha kitoto, mguu mmoja umepenyezwa chini ya fremu, mwili mzima umening'inia pembeni. Vijana walikaa vibarazani hawana la kufanya, na binti anayeendesha toleka kwa kuning'inia ilikuwa sinema yao ya siku. Waliniita waliyoyataka. Sikuwajibu, maana ukijibu unapoteza mizani.

Kwenye ile kamba moja alikuwepo polisi mnene mwenye sauti nyembamba.

"Weye mutoto mwanamuke, unaenda wapi na velo ya mutu mukubwa?"

"Naenda kwa Bibi."

"Bibi iko na nini?"

"Iko peke yake."

Akanitazama, akaniambia nipandishe barakoa ifunike pua, ninawe, kisha akashusha kamba kwa mguu nipite. Tangu siku hiyo alinizoea. Akiniona kwa mbali anakanyaga kamba mapema.

Kwa Bibi hapakuwa na matawi. Niliona hivyo kutoka mbali, kabla hata ya kusimama, na nikapumua. Barabara tupu, hakuna turubai, hakuna kiti. Niligonga kengele mara nyingi kwa furaha. Bibi alikawia kutoka. Alipotoka alikuwa amelowa uso, na macho yamemwiva.

"Bibi, macho iko na nini?"

"Ni hii Javel yao. Nilinawa, ikaingia." Akanyoosha mkono, kiganja kimenielekea. "Ubakie pale pale. Papa yako anajua uko huku?"

Mimi nikaegemeza baiskeli ukutani. Akanipa lituma kwenye sahani ya bati, akaiweka chini katikati ya ua, akarudi nyuma, ndipo mimi nikaisogelea. Tulikaa hivyo, yeye kizingitini na mimi karibu na baiskeli, nikila ndizi zangu za kutwangwa. Mara mbili nilimwona anaitazama baiskeli ya mwanawe, halafu anatazama pengine. Mji ulikuwa kimya kiasi kwamba maporomoko yalisikika wazi kuliko nilivyowahi kuyasikia.

Kwa Tante Mwamini, Mangobo, nilisikia sauti za wanawake kabla sijafika, na nilipofika zikakatika. Walikuwa wanne au watano, vitambaa vimefungwa chini kwenye paji la uso. Walitoka mmoja mmoja, wakanipita bila utani wowote, na Tante akasema wanaondoka kwa sababu ya distance, siku hizi watu hawakai pamoja. Hapakuwa na matawi huko pia. Akanikalisha, akaanza kunisuka bila mimi kuomba, akavuta nywele mpaka machozi yakanitoka, na nilipogeuka kulalamika nikaona yeye pia ana machozi. Akasema ni moshi. Jiko lilikuwa baridi, lakini nilikuwa nimekwenda kutafuta matawi ya mchikichi, sikwenda kutafuta machozi, na matawi hayakuwepo.

Jioni niliandika kwenye daftari: Kabondo, hakuna. Kwa Bibi, hakuna. Mangobo, hakuna. Nikalala vizuri.

Nilifanya safari ile kila baada ya siku mbili, kwa muda wote ule uliobaki. Papa alijua, nadhani, maana siku moja nilikuta ameshonea pedi mpya kwenye fremu pale mguu wangu ulipochubuka. Nami kila nilipotoka nilipanga njia tofauti kidogo, kwanza ili vijana wa vibarazani wasinizoee, halafu kwa sababu nilianza kuona kwamba Tonton atakaporudi atakuta mji si ule. Mvua ilikuwa imekata barabara ya bata katikati. Soko dogo lilikuwa limehamia mahali pengine. Polisi walihamisha kamba zao bila kumwambia mtu. Nikamwandikia yote. Daftari la jiografia likajaa, nikaingia la historia. Nilimchorea njia za asubuhi na njia za jioni, njia za mvua na njia za jua, na pembeni nikamwachia maelezo: hapa kuna mama wa mikate, mzito lakini mpole, hapa usipite, mbwa hajafungwa.

Niliongea na baiskeli, naungama. Niliiambia tunakwenda wapi na kwa nini. Nilikuwa mpweke mpaka nilijisikia aibu, kama mtu mwenye harufu. Kuna wakati nilisimama katikati ya barabara kubwa ya kwenda mjini, ile ambayo zamani huvuki bila kuombea roho yako, na hapakuwa na hata toleka moja, mbele wala nyuma. Nikapiga kengele tu ili kitu kijibu. Mbuzi akainua kichwa.

Kisha tukaitwa shule, sisi wa darasa la sita kabla ya wengine, kwa sababu ya mtihani. Redio ilisema njia zimefunguliwa, mto umefunguliwa, watu warudi kazini na kwenye ibada. Siku hiyo hiyo kamba za polisi zilitoweka kana kwamba hazikuwahi kufungwa. Nilikwenda shule na baiskeli ya Tonton nikiwa mtu wa maana sana, na begini nilibeba madaftari yote mawili. Ubundu nako kumefunguliwa. Angeweza kufika wakati wowote, na nilitaka kumkabidhi papo hapo.

Siku ya tatu, nikitoka shule, niliona matawi ya mchikichi nyuma ya kanisa. Nilishuka. Nilikuwa karibu nimesahau jinsi ya kushuka. Nikasukuma taratibu, nikapita mbele ya turubai na viti na wanawake waliokaa mikekani, na nilipopita upande wa pili nikatoa daftari nikaandika M, ya kwanza tangu nianze. Nikawaonea huruma. Nikawaza, mtu wa watu, njia zimefunguliwa tu naye akaenda kufa. Barabara iliyofuata nilikuta matawi tena. Na nyingine tena, na mbele ya soko dogo familia mbili zilikuwa zimegawana barabara moja, turubai kwa turubai. Sikuweza kupanda kabisa. Nilitembea nikisukuma baiskeli karibu njia yote, nikiandika M, M, na kichwani nilikuwa na maelezo yangu tayari: amri imeondolewa, watu wanaruhusiwa kufa tena, na wale waliokuwa wamejizuia wamekufa wote wiki moja.

Nilipokata kona ya kwetu, kulikuwa na matawi. Nikaanza kuhesabu majirani, nani alikuwa mzee, nani alikuwa anaumwa. Nilisukuma kwa adabu, macho chini kama nilivyofundishwa. Nilipoyainua nilikuwa mbele ya uzio wetu, na chini ya turubai, kwenye mkeka, amekaa Mama.

Nilitupa baiskeli. Nilimrukia, nusura nimwangushe, nikamnusa shingo yenye harufu ya samaki na moshi, na kwa muda huo sikumbuki kama nilifikiria kitu kingine chochote. Alikuwa amekonda. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema nimerefuka. Kisha nikatazama nyuma yake.

"Tonton iko wapi?"

Mama hakuelewa. "Tonton gani?"

"Tonton Amisi. Si alikuja kukufuata Ubundu?"

Mama akamtazama Papa juu ya kichwa changu. "Hukumwambia?"

"Nilikungoja weye," Papa akasema. "Nilisema ukifika tutamwambia pamoja. Leo umefika, yeye alikuwa masomoni."

Alikuwa hana barakoa. Nilikuwa nimesahau mdomo wake ulivyo. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita akitaka kunibembeleza, "Tonton alikufa. Ile siku nilirudi na udongo kwenye viatu. Tulikuwa wanaume sita kaburini. Walituambia tufanye haraka."

"Haiwezekani. Hapakuwa na matanga."

"Walikataza matanga."

"Walikataza kufa," nikasema. "Tonton mwenyewe alisema. Walikataza kufa."

Kando ya Papa wanaume wawili waliokuwa wanacheza dama kwa vizibo vya chupa wakabaki na mikono hewani. Na hapo ndipo niliona nilichokuwa sijakiona: watu walikuwa wanacheza dama. Wanawake waliokuwa wanamenya makemba walikuwa na kisa walichokuwa wanachekelea kabla sijafika, na mmoja bado alikuwa anajipangusa machozi ya kicheko. Mwenzake Tonton wa kijiweni, yule aliyempakia, alikuwa anakula. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu ambao wameshalia. Kila mmoja wao alikuwa amemlia Tonton kwake, kimya kimya, miezi ile yote, akamaliza, na leo walikuja kutimiza tu, kusoma dua, kula pamoja na kuonana. Matanga yote yalikuwa yamekwisha, nami ndiyo kwanza nafika.

Nililia. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na nilisikia jinsi inavyokwenda peke yake chini ya turubai, hakuna nyingine ya kuisindikiza. Jirani mmoja akasema kwa upole, "Mutoto, tosha. Iko kitambo sasa." Ningeweza kumrarua. Kwangu haikuwa kitambo. Kwangu Tonton alikuwa hai mpaka nilipokata ile kona.

Bado namkasirikia Papa, niseme kweli. Nimemsamehe, na bado namkasirikia, na yeye anajua, na tunakula meza moja. Alitaka nisilie peke yangu, Mama hayupo. Akanipa siku nyingi za kuning'inia kwenye fremu, nikikagua nyumba za wafiwa kama kuna aliyekufa.

Bibi ndiye aliyeinuka. Alikuwa kwenye mkeka wa ndani, pamoja na wazee wenzake, na alikuja polepole kwa sababu ya magoti.

"Tulikuwa tunakusikia," aliniambia. "Ukikata kona tu, tunasikia ile kengele, tunapangusa uso, tunanyamaza. Weye unakuja kuangalia kama tunalia, sisi tunakuangalia kama umejua. Sikumulilia mutoto wangu siku moja mpaka mwisho. Kila nikianza, uko mlangoni."

Nilizidi kulia tu.

"Tosha ile habari," akasema. "Hapana kulia peke yako."

Akafungua kitambaa cha kichwani, kama wanavyokifungua siku ya kwanza ya msiba. Akashika bega langu akajishusha chini, vumbini, akanyoosha miguu mbele, akavuta pumzi, na akaanza upya. Alimwita kwa jina lake lote. Alimwuliza kwa nini ameondoka kama mgeni, bila watu, bila mkeka. Kule nyuma mtu akasukuma vizibo pembeni. Tante Mwamini akaja akakaa, akanivuta kwapani mwake. Wale waliokuwa wanamenya makemba wakaweka visu chini wakafungua vitambaa, mmoja baada ya mwingine, na jirani yule aliyesema ni kitambo akaja naye. Wote wakamlia mara ya pili, kwa sauti, mchana kweupe, barabara imefungwa pande zote.

Papa alikuwa wa mwisho kukaa chini.